Ndege Inavuta Kushoto

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na nguo zangu zote ninazo mwilini. Kaeni nikuhadithieni mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana walioshuhudia ni wengi na midomo yao naijua.

Mnajua mimi fundi magari, gereji yangu iko hapa Madungu. Na mnajua (nimeshakuchosheni kwa mapicha) kwamba mimi na Kapteni Rukia, yule rubani mstaafu wa Mkoani, tumeunda ndege. Ndege ya kweli! Ya watu wawili, injini moja, tumeiunga kipande kwa kipande miaka minne bandani. Yeye hurusha. Mimi hukaza nati.

Wiki iliyopita tuliufungua usukani wa mkiani, ule ubao wa kusimama unaoigeuza pua kushoto na kulia, tukaupaka rangi. Juzi nikaurudisha kwa mikono yangu hii. Na leo saa nne mkaguzi anakuja kutoka Unguja kwa ajili ya kibali cha mwaka. Akikataa, basi tena, ndege inageuka banda la kuku.

Saa moja asubuhi tuko uwanjani. Kapteni ananiambia, "Fundi, usukani umeufunga wewe. Panda."

"Mimi?"

"Kwani una mashaka na kazi yako?"

Sijawahi kuruka na ile ndege. (Miaka minne nina visingizio: mara mgongo, mara leo Ijumaa.) Lakini mke wangu Salma kaja na mama yake, wamekaa kivulini na birika la chai, wananitazama pamoja na madereva wa teksi wa uwanjani. Nikapanda. Nikajipakata ubao mkubwa wa kuandikia, nionekane mtaalamu.

Tukaruka. Subhanallah, ile raha! Mikarafuu imekuwa midogo kama mchicha! Nikapiga kelele. (Za furaha. Nyingine za furaha.)

Mara Kapteni anasema, "Fundi, inavuta kushoto. Nakanyaga pedali ya kulia mpaka paja linatetemeka."

Nikaandika kwenye ubao: INAVUTA KUSHOTO. Nikapigia mstari.

Tulipotua nikawa daktari. Nyuma ya usukani kuna kibati cha alumini, ukubwa wa kiganja. Ukikipinda kidogo kushoto, upepo unausukuma usukani kulia, pua inarudi katikati. Nikakipinda. Tukaruka. Bado inavuta, lakini afadhali. Tukatua, nikakipinda tena. Tukaruka mara ya tatu, na lo! Imenyooka! Kwenye dashibodi kuna gololi ndani ya kichupa, hukaa katikati ndege ikienda sawa. Leo imetulia katikati kama imegandishwa kwa gundi!

"Mashallah, fundi," akasema Kapteni.

Nikashuka na kifua mbele. Nikapita kwa mama mkwe makusudi.

"Mama, umeona? Nilikuwa naitibu."

"Nimeona, mwanangu," akasema, na akanimiminia chai mwenyewe. Mama mkwe! Chai! Kwa mkono wake!

Saa nne mkaguzi kafika, mzee mpole, miwani imemshukia puani. Nikamdaka kabla hajasalimiana na watu. "Shehe, hii inakwenda kama rula. Wewe andika tu."

"Tutaona, inshallah," akasema, akakaa kiti changu kando ya Kapteni.

Wakaruka. Jamani! Ndege inakwenda upande upande kama kaa! Pua imeangalia kulia, safari inakwenda mbele. Watu wakaanza kusimama. Wakazunguka mara moja tu wakarudi.

Mkaguzi akashuka, akapangusa miwani. "Nani karekebisha mkia?"

"Mimi, shehe. Lakini huo upepo. Umebadilika ghafla."

Sote tukageuka kuitazama soksi ya upepo pale mlingotini, ile inayojaa upepo ukivuma. Inaning'inia kama kanzu kambani.

"Upepo upi, bwana?"

Nikanywa chai. Kikombe kitupu, lakini nikanywa.

Kapteni akawa anafikiri kwa sauti. "Asubuhi inavuta kushoto. Tukapinda kibati, ikanyooka. Sasa inavuta kulia. Ndege ile ile, rubani yule yule. Kilichobadilika ni abiria."

"Labda uzito," nikasema haraka.

Mkaguzi akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Viatuni akakaa kidogo. "Hebu panda. Kaa vile vile ulivyokaa asubuhi."

Nikapanda, na ubao wangu mapajani. Kapteni akakaza breki ya mkono, akawasha injini. Ikanguruma, na moyo wangu ukanguruma nayo.

Nikamsikia mama mkwe, maana ana sauti ya kuita watu shamba la pili: "He! Mbona mkia unageuka wenyewe?"

Watu wote wanatazama mkiani. Usukani umelala kushoto, taratibu, mpaka mwisho.

"Miguu yangu hii hapa!" akasema Kapteni, kaikunja yote miwili juu ya kiti. Akazima injini. Kisha akauinua ubao wangu.

Basi. Kila kiti kina pedali zake, na zote zimeungana na usukani wa mkiani. Na pale chini mguu wangu wa kushoto umeikandamiza pedali ya kushoto kwa nguvu zote, kisigino na vidole. Wallahi sikujua! Miaka ishirini ya magari, nikiogopa, mguu wa kushoto unakwenda wenyewe.

Halafu Hamadi dereva wa teksi akapaza sauti: "Yakhe! Fundi kakanyaga klachi!"

Na hakuishia hapo. "Si ndiye huyu anayetufokea kila siku tusiegemeze mguu kwenye klachi?"

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Salma kajifunika mtandio uso mzima, mabega yanatikisika. Mama mkwe kaweka birika chini ili acheke kwa mikono miwili. Kwa hiyo asubuhi nzima nilikuwa napinda mkia wa ndege ili kuutibu mguu wangu mwenyewe!

Nikashuka, nikakinyoosha kibati kikarudi kama kilivyotoka kiwandani. Kapteni akaruka tena na mkaguzi. Gololi katikati, mkia umetulia, ndege imenyooka kama uzi! Kibali kikasainiwa papo hapo juu ya bawa. Chini kabisa mkaguzi kaongeza mstari kwa kalamu: "Fundi akipanda, akae amekunja miguu."

Na nimepanda! Nimekunja miguu kama mtoto wa chuo cha Kurani mkekani, nimeiona Pemba nzima mpaka Micheweni, na ndege haikuvuta popote. Nikashuka nacheka peke yangu.

Sasa sikilizeni. Atakayeandika neno "klachi" humu kwenye grupu namtoa. Admini ni mimi.