Mtihani wa Mipira ya Mkojo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Habari mbaya hapa Kitengela. Matroni ametangaza kwamba Alhamisi mtafiti anayeitwa Nashipae anakuja kutupima sisi wauguzi: tunajua nini kuhusu kuzuia maambukizi kwa wagonjwa waliowekwa mpira wa kutoa mkojo kibofuni. Kwanza maswali, halafu atatuangalia tukiwahudumia. Atakayefanya vizuri atakuwa msimamizi wa wadi ya wanaume.

Cheo hicho ni changu. Niko na miaka mingi hapa kuliko Sista Waithera, na sauti nzito kumshinda. Wagonjwa huniita daktari. Sijawahi kuwasahihisha.

Waithera ameanza kusoma wakati wa chai. Inachukiza.

Jumanne, 10 Juni

Nimejaribu kusoma pia. Ukurasa wa kwanza unasema mfuko wa mkojo ukae chini ya kibofu lakini usiguse sakafu. Nikaenda wadini kuangalia. Mfuko wa kwanza: sakafuni. Nikaacha kusoma.

Nimempigia Nashipae simu, nikajitambulisha kama mwenyeji wake, nikamwalika nyama choma ili tuzungumzie maswali kidogo. Akashukuru sana. Akasema hali nyama, na maswali hatoi.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata wazo! Wadini kuna wagonjwa watatu tu wenye mpira. Bila mpira, ataangalia nini?

Jioni Waithera alipotoka tu, nikavaa glavu, nikawatoa wote watatu mipira yao. Sikumuuliza daktari. Angetaka sababu.

Ouma na Masila walifurahi karibu wacheze. Kumbe siku hizi zote walikuwa wanatembea wenyewe mpaka nje kuota jua, wamebeba mifuko mkononi. Mzee Gakuru, muuza mbuzi wa Bisil aliyelazwa kwa shida ya tezi dume, aliniuliza kama daktari amekubali. Nikamwambia daktari ni mimi, na mkojo utakuja wenyewe.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi Nashipae alikuwa anatabasamu kando ya kitanda cha Ouma. Akatueleza kwamba mahali pengi mipira huachwa ikae bure, na kadiri inavyokaa ndivyo hatari ya maambukizi inavyoongezeka. Akauliza ni nani aliyewatoa mipira hawa wawili, Ouma na Masila. Niliinua mkono kabla hajamaliza.

Hapo Mzee Gakuru akaanza kulia. Tumbo limevimba, jasho linamtiririka, hajakojoa tangu jana jioni. Usiku alinyamaza na maumivu yake kwa sababu niliahidi utakuja wenyewe. Daktari akaitwa, akaamuru mpira urudishwe mara moja.

Nashipae akanikazia macho. Nikavaa glavu safi, na kwa hofu nikajikuna pua.

“Elphas, badilisha hizo glavu,” Waithera akasema, taratibu.

Nikabadilisha. Vidole viwili vikaingia tundu moja la glavu. Akaniomba nimpishe, akanawa, akavaa zake, akamsafisha mzee na kuuweka mpira huku akimuuliza bei ya mbuzi Bisil. Mkojo ukaanza kutoka. Mzee akafumba macho kama mtu aliyetua gunia. Alipoyafumbua, alinitafuta mimi.

“Daktari,” akasema, “siku nyingine uliza daktari.”

Niliona haya sana. Nilitaka kabisa kumwomba msamaha. Halafu chai ikaletwa.

Ijumaa, 13 Juni

Waithera ndiye msimamizi. Daktari aliniita akaniambia nikitoa tena kitu mwilini mwa mgonjwa bila idhini, nitafute kazi ya kupanda vitunguu Entarara.

Hawaoni kipaji. Ouma ameruhusiwa kwenda nyumbani leo, sivyo? Nani alimtoa mpira? Waithera amejitolea kunifundisha wakati wa chai. Nimekataa. Ni wazi anataka kuiba mbinu zangu.

Jumatatu Nashipae anarudi, safari hii kuangalia jinsi tunavyonawa mikono. Sina wasiwasi hata kidogo. Nimeshaongea na fundi wa maji: kuanzia Jumapili jioni, mifereji yote ya wadi itakuwa imefungwa.