Bibi Mmoja kwa Watu Watano

Jumapili, 3 Mei

Leo kanisani wamegawa wageni. Ni watu wa kule bondeni ambao mto umebeba nyumba zao, na wiki nzima wamelala kwenye ukumbi wa kanisa. Mchungaji aliomba kila mwenye chumba apokee familia. Nikanyoosha mkono wa kwanza. Wa kwanza! Jirani yangu Seremala akanyoosha baada yangu, taratibu, kama mtu anayejikuna.

Amepewa nini? Baba, mama na watoto watatu, wawili kati yao mapacha. Mimi nimepewa bibi. Mmoja. Ana begi na magoti mabovu. Nilimuuliza mama mhazini kama hana hata mjukuu wa kuongezea. Akanitazama kama nimeomba chenji ya sadaka.

Kisha wenyeji tukaambiwa tusimame na wageni wetu tuombewe. Seremala na watu wake wakajaza benchi zima. Makofi! Bibi yangu hakuweza kusimama, mke wangu akabaki chini amemshika mkono. Nikasimama peke yangu, kama mtu anayetafuta njia ya chooni. Roho iliniuma mpaka amina ya mwisho.

Jumatatu, 4 Mei

Kinamama wa kwaya wamepita na misaada. Kwa Seremala: mashuka, sufuria, mchele, magodoro mapya. Kwangu: sabuni na maombi. Niliyaona yote kupitia dirisha la kibanda changu cha kunyolea. Macho yakiwa kwenye magodoro, mashine ikateleza, nikamchimbia mwalimu niliyekuwa namnyoa barabara katikati ya kichwa. Ikabidi ninyoe zote. Amesema watoto wake hatawaleta tena.

Bibi ameshona kitambaa changu cha kunyolea kilichochanika. Binti yangu, ambaye kila siku hulala kwa vita, amesinzia mapajani kwake bila kelele. Mke wangu ameimba akiosha vyombo. Zaidi ya hayo hakuna jipya.

Jumatano, 6 Mei

Nimepata mbinu! Wema usioonekana ni hasara tupu. Nimemweka bibi kwenye kiti mlangoni mwa kibanda, uso barabarani, ili watu waone nani anaishi kikristo. Bibi akafurahi, akasalimia kila apitaye. Kufika mchana watu walikuwa wanasimama kupiga soga naye. Nikavimba kichwa.

Kumbe wote walidhani ni mama yangu mzazi. Muuza mkaa akanifokea mbele ya wateja: mwanamume mzima unamwanika mama yako juani! Shemasi akapita, akasema ataniombea nibadilike. Bibi akanitetea, akawaambia huyu ni mwanangu, tena mwema. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana walizidi kuamini.

Alhamisi, 7 Mei

Nimekata shauri. Nawataka wale watano.

Asubuhi nimewapelekea mapacha ndizi mbivu. Nikamwambia mke wa Seremala, kwa huruma, kwamba vumbi la mbao si zuri kwa vifua vya watoto wageni. Mapacha wakakohoa papo hapo, Mungu awabariki. Walikuwa wamepaliwa na ndizi, lakini kikohozi ni kikohozi.

Kutoka pale moja kwa moja kwa Mchungaji. Nikatia chumvi. Kwamba watoto hawalali kwa kukohoa. Kwamba bibi wa kwangu analia usiku kwa upweke, na kwa Seremala yupo mama mkwe wa rika lake wa kuongea naye. Bibi analia! Bibi anakoroma mpaka mabati yanaitikia. Mchungaji akasema atamuuliza bibi mwenyewe. Nikamsihi asimsumbue mtu mzima.

Jumamosi, 9 Mei

Tumebadilishana. Seremala amekubali mara moja, jambo ambalo limeniudhi, kwani nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza.

Bibi hakulalamika. Alikunja shuka lake, akafagia chumba. Kisha akamvuta mke wangu pembeni, akamuuliza kama shida ilikuwa kule kukoroma, kwa sababu angeweza kulala jikoni. Mke wangu hajasema na mimi tangu hapo. Binti alilishikilia begi mpaka nje ya geti, ikabidi nimbandue vidole.

Nilisikia aibu. Naandika hivi kwa kuwa hakuna asomaye. Lakini Seremala alipotoka, akapokea begi kwa mikono miwili na kumwita bibi mama, aibu yote ikageuka kijicho. Mnafiki yule! Hata kuinama ameinama kunishinda.

Jumapili, 10 Mei

Nimevaa koti langu la harusi. Nimesimama na watu wangu watano. Benchi zima! Makofi yakaanza, nikainua mkono kidogo kuyapokea.

Hayakuwa yangu. Mchungaji alikuwa amemwita Seremala mbele, kwa kuwa ameachia familia aliyokwisha kuizoea na kumpokea mzee bila kuuliza swali. Bibi alitembea naye hadi madhabahuni, ameshika mkongojo mpya ambao Seremala amemchongea jana hiyo hiyo. Mkongojo! Mimi ningechonga na nini, wembe? Na wageni wangu walipiga makofi kuliko kanisa zima.

Jumanne, 12 Mei

Msiba. Baba wa mapacha ni kinyozi.

Aliniomba ashike mashine wakati nakwenda kula. Niliporudi, foleni ilikuwa imefika barabarani. Wateja wangu wa miaka yote wakaniambia nisihangaike, nipumzike, mgeni atawamalizia. Mwalimu alikuwepo. Na watoto wake!

Nikamwendea Seremala nimefura, nikamuuliza kama alijua. Akasema alijua, alinyolewa naye siku ya kwanza, na alidhani ndiyo sababu nimemtaka, nimsaidie ndugu wa kazi moja. Amesema amenisifia kwa hilo kila alikopita. Sasa hata kumfukuza siwezi.

Jumamosi, 16 Mei

Mke wangu amefungua kinywa hatimaye. Neno moja tu: nikamrudishe bibi.

Nikaenda, maneno nimeyapanga vizuri. Bibi alikuwa anachambua maharage na mama mkwe wa Seremala. Akanikaribisha, akanimiminia chai, akauliza kama binti analala. Nikasema halali. Ilikuwa kweli, na nilishangaa jinsi ilivyonitoka. Nikaongeza kwamba mapacha nao wanamlilia.

Akanikatiza. Alisema Mchungaji alimuuliza kuhusu hicho kilio cha usiku, naye alielewa palepale kwamba nimemchoka, akanyamaza nisiumbuke. Akaniomba kitu kimoja: nisimwombe arudi. Alisema yeye si kiti cha kinyozi, kusogezwa kila anapokuja mteja mwingine. Ameshahamishwa na mto, akahamishwa na mimi, sasa amechoka kuhama. Mke wangu na binti waje wakati wowote watakao. Mimi hakunitaja.

Nililia njiani. Muuza mkaa aliponiuliza, nikamwambia ni vumbi la mbao.

Jumapili, 17 Mei

Mke na binti leo wameketi na bibi. Binti amelala kwenye paja lake ibada nzima. Nikawatazama, nikasema moyoni kwamba nimekuwa mjinga na wivu huu nauacha hapa hapa kanisani. Nilimaanisha kabisa. Nilimaanisha mpaka kwenye matangazo.

Ipo familia moja bado ukumbini. Watu saba! Mkono wangu ulikuwa juu kabla Mchungaji hajafunga mdomo. Akaniuliza kwa upole kama nafasi itatosha, nikiwa tayari na wale watano. Nikajibu kwa sauti, wote wasikie, kwamba nafasi ipo tele: mke wangu na binti siku hizi wanashinda kwa Seremala mpaka giza, kitanda chao kinakaa bure. Kanisa zima likageuka kunitazama. Kwa heshima, nadhani.

Seremala hakunyoosha mkono kabisa. Safari hii nimemweza!