Kabati la Otilia Halitoki Mlangoni

Lituhi, Ziwa Nyasa

Kwa Baba Mkwe,
Mzee Bernadi, Fundi Seremala,
Ruanda, Mbinga.

YAH: LALAMIKO RASMI DHIDI YA MAUNGIO YA KABATI LA NGUO ULILOMPA BINTI YAKO OTILIA

Shikamoo Baba.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Katarina, na kwamba maharage yamekubali huko juu. Sisi huku ziwani ni wazima wa mwili. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unacheka kabla sijamaliza kusema, na jambo hili nataka lisikilizwe mpaka mwisho. Mimi ni katibu wa kwaya, barua kwa paroko huandikwa na mimi, kwa hiyo utanisamehe nikifuata utaratibu wa ofisi hata kwa baba mkwe wangu.

Baba, kwa heshima zote, unaunganisha mbao vizuri mno. Hilo ndilo ninalolilalamikia.

Utakumbuka kwamba tulipooana uliteremka kutoka Ruanda juu ya Fuso, ukiwa na vipande vya mninga vilivyofungwa kwa kamba, na jamaa zangu walidhani umeleta kuni za sherehe. Vipande hivyo ukaviingiza chumbani kwetu kimoja kimoja, ukajifungia humo na nyundo yako ya mbao, na ulipotoka, ndani kulikuwa na kabati. Ulinieleza mwenyewe siri yake. Kila ubao una ulimi, kila nguzo ina tundu, na ncha ya kila ulimi umeipasua kidogo na kuitia kabari ndogo. Ulimi ukigongwa ndani ya tundu, kabari inafika mwisho na kusukumwa nyuma, ulimi unatanuka humo humo, na hautoki tena. Hakuna gundi, hakuna msumari. Nilikupigia makofi, Baba. Leo nayarudisha makofi yale.

Sasa niseme kilichotokea. Mimi na Otilia tumekosana. Dada yangu Hildegardi alikuja kututembelea kutoka Mbamba Bay, Otilia akapika mbasa, na mimi katika kuchangamsha mazungumzo nikasema kwamba watu wa milimani hupika samaki kama maharage, wanamchemsha mpaka asalimu amri. Hildegardi alicheka. Otilia hakucheka. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti zaidi.

Asubuhi yake alikuwa amefunga virago. Alikwisha kusimamisha lori la makaa ya mawe lililokuwa likirudi tupu kutoka bandari ya Ndumbi kwenda mgodi wa Ngaka, na dereva alikubali kumshusha Ruanda yeye na mzigo wake. Mzigo wenyewe ni kabati. Wewe unajua kuliko mimi jinsi watu wanavyohesabu: mke akirudi kwao mikono mitupu, wanasema amefukuzwa, akirudi na kabati lake, ameondoka mwenyewe kwa hiari yake. Na binti yako hakubali kusemwa kwamba amefukuzwa. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Kabati halitoki. Tulilisimamisha, tukalilaza, tukaliinamisha, tukalizungusha. Dereva alishika huku, utingo wake akashika kule, mimi nikawa katikati nikitoa maelekezo ambayo hayakufuatwa. Mlango ni mwembamba kuliko kabati kwa pande zote. Walichofanikiwa ni kuacha alama za viganja vya makaa kwenye ukuta niliokuwa nimeupaka chokaa kwa ajili ya Pasaka. Lori likapiga honi, likaondoka. Otilia akakaa juu ya begi lake pale mlangoni, akasema kwamba kabati likitoka, na yeye ataondoka. Yupo mpaka sasa.

2. Maungio hayasikii nyundo. Nilimwita Frederick, fundi wa mitumbwi na boti hapa Lituhi, mtu ambaye amewahi kufumua boti zima na kulirudisha. Aligonga upande mmoja, akagonga upande wa pili, akaweka sikio. Akaniambia kwamba kila ukigonga, ulimi unazidi kukaa. Msumari una kichwa, Baba, na kichwa kinashikika kwa koleo. Kabari yako haina kichwa, imejificha ndani ya mti, na haina mlango wa kuibishia hodi. Frederick alitakiwa kukasirika kama mimi. Badala yake alirudi kesho yake na mafundi wenzake wa ufukweni. Wakavua viatu, wakaingia chumbani kwangu, wakapapasa pembe za kabati kwa vidole, na mmoja wao akavua kofia. Otilia, ambaye hasemi na mimi, aliwachemshia chai wote kwa sababu wamekuja kuheshimu kazi ya baba yake. Chumba cha wanandoa kimekuwa mahali pa ziara ya mafunzo, na nalalamika.

3. Kabati limeharibu ugomvi wetu. Hili nakuomba ulisome taratibu. Mtu akikosana na mkewe ana haki ya kununa, na kununa kunahitaji nafasi. Lakini kila jioni Otilia anasema tujaribu tena, labda tukianza na miguu. Tunalishika, yeye huku, mimi kule. Huwezi kumnunia mtu ambaye ameshika upande wa pili wa kabati, maana ukinyamaza mtaangushiana mguuni. Inabidi umwambie inua kidogo, shusha, polepole, umeumia? Juzi tuliongea hivyo mpaka giza likaingia, kuhusu kabati tu, na nikagundua kwamba tangu msimu wa kahawa uliopita hatujawahi kuongea kwa muda mrefu kiasi kile. Hali hii inachanganya. Sijui tena kama tumekosana au tunafanya kazi.

Zaidi ya hapo, anajihesabu kuwa yuko safarini, na msafiri haulizwi chumvi iko wapi. Imebidi nipike mwenyewe. Nilinunua mbasa mkubwa, nikampika kama ambavyo nimekuwa nikisema watu wa ziwani tunapika, na alipoiva alikuwa ameachana na mifupa yake yote, tukamla kwa kijiko. Otilia alikula akamaliza, akanawa, akashukuru kwa adabu, akasema hakika watu wa ziwani mnajua samaki. Sijapata usingizi mzuri tangu hapo.

4. Njia nyingine zote umezifunga. Nilifikiri kung'oa fremu ya mlango ili tuongeze upana. Nikakumbuka kwamba fremu ile nayo uliiunga wewe, tena kwa kabari zile zile, ulipokuja kutusaidia kujenga. Nikafikiri kubomoa ukuta. Frederick akaniambia ukuta ule umebeba kenchi za paa, na kenchi ni zako pia. Tukifungua kimoja inabidi tufungue vyote, na vyote havifunguki. Kwa hesabu hiyo, Baba, ili Otilia arudi Ruanda na kabati lake, nyumba nzima lazima ipande juu ya lori la makaa, bati na yote. Mimi nikiwa mwenye nyumba siwezi kubaki nimesimama kwenye kiwanja kitupu, kwa hiyo na mimi nitapanda. Tutashuka uani kwako, sote, na tutakuwa tumeachana rasmi tukiwa tunaishi nyumba moja kwenye shamba lako la maharage. Nakuachia upime mwenyewe kama huo ni utaratibu.

Ilibaki njia moja, msumeno. Niliuazima dukani kwa Hamidu, ambaye aliniuliza naenda kukata nini, nikamwambia kuni. Nikauweka msumeno juu ya mguu wa kabati, pale karibu na kiungo. Otilia alikuwa amesimama mlangoni. Akasema kama nataka kukata, nikate. Baba, mkono ulikataa. Sitaki kukudanganya, niliogopa. Kabati lenyewe siliogopi. Niliogopa kwamba lingekatika.

Msumeno nimemrudishia Hamidu. Aliukagua meno, akaniuliza kuni zimekwenda wapi, nami nikanunua kiberiti ili nisiondoke bila sababu.

5. Kazi yako ni hatari kwa jamii. Jirani yetu Glorious alikosana na mumewe mwaka jana. Kabati lake lilikuwa la paina na misumari. Walilipiga teke moja likawa mbao, mbao zikapanda bodaboda, na kabla jua halijawa kali Glorious alikuwa kwao Liuli. Hakuna aliyepoteza muda, hakuna aliyeshika upande wa pili wa kitu chochote. Mumewe sasa ana nafasi kubwa chumbani. Huwa anakuja kukaa kwetu jioni kututazama tukisukuma kabati, na wakati mwingine namwona anafuta macho, anasema ni vumbi la chokaa. Huo ndio uhuru unaoletwa na msumari, nami nataka uhuru wangu kama raia wengine.

Kwa hiyo napendekeza ipitishwe sheria ndogo kwamba kila fanicha ya bibi harusi iwe na angalau msumari mmoja, wenye kutu, mahali panapofikika. Napendekeza pia kwamba seremala yeyote akitaka kuunga kwa kabari ya ndani, kwanza apime mlango.

6. Na hapa nakushtaki wazi. Nilidhani hukupima mlango kwa bahati mbaya, maana kila fundi hukosea. Lakini Otilia alimpigia mama yake kumweleza aibu iliyotukuta, na Mama Katarina alicheka mpaka salio likaisha. Alipopigiwa tena akasema kwamba kabati lake la Ruanda nalo halitoki. Alijaribu kulitoa wakati Otilia yuko tumboni, kwa sababu ya maneno uliyoyasema wewe kuhusu ugali wa mama yake, akaita ndugu zake wote wa kiume, wakasukuma mpaka wakaomba togwa. Mpaka leo linakaa pale pale, na yeye yuko pale pale. Kumbe Baba ulijua. Kumbe mlango uliupima vizuri sana.

Baada ya kueleza hayo, ninaomba yafuatayo yafanyike bila kuchelewa. Uje Lituhi mwenyewe na patasi zako, kwa sababu aliyefunga ndiye anayejua pa kufungulia. Ufungue kabati mbele yangu na mbele ya Otilia, kipande kimoja kimoja kama ulivyoliingiza. Kama haiwezekani, uandike barua ya kukiri hivyo, ili nimwonyeshe binti yako kwamba sikumzuia mimi, na dunia nzima ijue kwamba hakufukuzwa wala hakuzuiwa, ila baba yake ni fundi.

Wasalimie Mama Katarina na wote hapo nyumbani, jirani zako wa upande wa kahawa, na shemeji zangu, ambao nawaomba wasije kusukuma. Frederick na mafundi wa ufukweni wanakusalimu kwa heshima kubwa mno, na Hamidu anauliza kama mninga bado unapatikana huko. Otilia hakusalimu, kwa sababu hajui kwamba naandika.

Ni mimi mkweo, ninayekulalamikia huku nikikuheshimu,

Pankras
Katibu wa Kwaya, Lituhi

Nyongeza: Baba, barua hii ilikaa kwanza kwa kukosa bahasha. Nilipoitafuta bahasha nikafungua kabati, ambalo lilikuwa tupu ili liwe jepesi kubeba, nikakuta gauni zake zimetundikwa upande wa kulia, na mashati yangu, ambayo nilikuwa nayaweka kwenye kreti la samaki, yametundikwa upande wa kushoto yakiwa yamepigwa pasi. Nilimpigia dada yangu Hildegardi, nikamwomba aje tena, na mbele yake, kwa kuwa ni mbele yake nilipomkosea, nikamwomba Otilia radhi juu ya yale maneno ya samaki. Nilirudia kwa sauti zaidi, nikihofia hakusikia. Alisikia.

Kwa hiyo patasi usije nazo. Otilia aligundua kwamba nakuandikia, akaisoma barua yote akiwa amesimama, akasahihisha mahali pawili, akasema niongeze kwamba anataka meza ya jikoni, ya mninga, na uje kuiungia humo humo jikoni. Mlango wa jikoni ameupima mwenyewe. Anasema haitatoka.