Neno la Wakili na Magoti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimeokota neno! Wakili alikuja dukani kununua godoro. Mkewe akasema lile gumu mno. Wakili akajibu: I concur. Basi! Mke akatabasamu, bosi wangu akasimama wima. Jioni nikamuuliza mwalimu, jirani yetu. Akasema ni kukubaliana na mtu kwa heshima, baada ya kufikiri mwenyewe. Hiyo sehemu ya kufikiri sikuiona muhimu. Jumamosi kuna kikao cha familia. Shemeji, kaka wa mke wangu, huongea Kiingereza hata akiomba chumvi. Safari hii atanikoma!

Jumatano, 5 Juni
Mazoezi mbele ya kioo. Mama mkwe, anayeishi nasi tangu magoti yaanze kumsumbua, akachungulia. Akauliza kama jino linaniuma. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nampenda mama huyu. Akinicheka yeye, hata siku mbaya inanyooka.

Jumamosi, 8 Juni
Ushindi! Nimelisema mara nne, mkono kifuani. Shemeji alibaki mdomo wazi. Mara ya nne mke wangu akanikanyaga mguu. Nilikuwa najipongeza, sikusikia kilichosemwa. Kumbe shemeji kasema Mama ahamie kwake, maana kwetu kuna ngazi. Kesho! Na mimi nimekubali kwa heshima zote. Mama alinitazama. Hakucheka.

Jumapili, 9 Juni
Wamemchukua. Sanduku nimelibeba mimi mwenyewe, mjinga mkubwa. Mke wangu hasemi nami. Nimeingia chumbani kwa Mama, kitanda kimetandikwa, kimya. Nimelia. Naandika hivyo hivyo: nimelia.

Jumatatu, 10 Juni
Mpango! Nimempigia simu shemeji. Nikamwambia magoti ya Mama yamezoea godoro la dukani kwetu, lolote lingine litamuumiza. Nilidhani atamrudisha. Amenunua mawili. Bosi kanisifu mbele ya wateja.

Jumanne, 11 Juni
Mbinu zimeniishia. Nimekwenda kwa shemeji na ukweli mtupu. Nikasema sikufikiri, sikusikia, namtaka Mama nyumbani. Shemeji akasema kikao kilikubaliana, na mimi nikiwa wa kwanza. Mama akatokea mlangoni na sanduku lake. Akasema kikaoni walikubaliana wote isipokuwa mwenye magoti, yeye hakuulizwa na mtu. Akaniambia nibebe. Ngazi zetu amezipanda akiniegemea bega, pole pole. Nikamwomba radhi kila tulipopumzika. Akasema nisimmalizie pumzi kwa kumchekesha.

Alhamisi, 13 Juni
Raha iliyoje! Wakati wa chakula Mama alieleza jambo refu, sijui magoti, sijui usiku, mke wangu akiitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa namtazama tu, nimefurahi kumwona kwenye kiti chake. Alipomaliza akaniuliza naonaje. Mkono kifuani: I concur! Wakacheka wote wawili. Sijui nimekubali nini. Mke wangu anatandika godoro sebuleni. La mtu mmoja, na juu yake kaweka mto wangu.