Daktari wa Mikonge

Beryl alikuwa barazani kwake ghorofani, hapo Diani, akitupa waridi la tatu lililokauka, machozi yakimlengalenga. Mwinga, aliyekuwa akipita chini akitafuta mtu wa kumwuzia maneno, alisimama.

"Pole, dada. Umefiwa?"

"Ni maua yangu. Aki, kila nikipanda kitu kinakufa!"

Mwinga akakumbuka mikonge mwitu iliyojaa nyuma ya zizi la shangazi yake kule Mkongani: majani marefu, magumu, yenye madoa kama ya nyoka, ambayo hata mbuzi huyapita wakitazama pembeni. Kesho yake alimletea mmoja ndani ya chungu kilichopakwa buluu.

Lakini mmea huo haujali jua wala kivuli, na maji huutosha mara mbili kwa mwezi. Ukishauuza, mteja hakuhitaji tena. Mwinga alilitafakari jambo hilo kwa uchungu wa baba mwenye watoto tisa, ingawa hakuwa hata na paka.

"Usiumwagilie mwenyewe, dada," alisema. "Maji yakizidi, mizizi itaoza. Nitakuja mimi kila Jumamosi."

Habari ya mizizi ilikuwa kweli. Mwinga hakuwahi kupika uongo bila kuutia chumvi ya ukweli.

Basi kila Jumamosi alitega sikio kwenye jani, akafumba macho, akatikisa kichwa, akadondosha matone matatu, kisha akapokea chai, mahamri na ujira wake. Baada ya miezi miwili alikuwa na nyumba kumi na nne, na amenawiri kuliko mimea yenyewe.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Ummi, mjane mwenye nyumba za kupangisha. Jumamosi tatu alimtazama Mwinga akitega sikio na kudondosha matone. Ya nne akamwita.

"Mwanangu, nyumba yangu ya Msambweni ina mimea sitini. Nataka daktari wa kukaa huko huko. Chumba kipo, feni ipo."

"Sitini!" Mwinga alimeza mate. "Na wateja wangu hawa, bi?"

"Utawaacha. Si uliniambia mimea ina wivu?"

Alikuwa amesema hivyo, tena kwa kiapo.

"Niachie mimi," Bi Ummi akasema. "Nitajikongoja."

Jioni ile Mwinga aliwapigia simu wateja wote, akamtambulisha Bi Ummi kuwa mwanafunzi wake, akafunga begi.

Msambweni alipokewa na mlinzi, Mzee Rai, aliyemfungulia sebule. Mimea ilikuwa sitini kweli, ngazini, madirishani, hadi chooni. Yote imesimama wima, hakuna hata jani moja lenye kovu. Mwinga aliuinamia ule mkubwa, akatega sikio.

"Unasemaje?" Mzee Rai akauliza.

"Una kiu, mzee. Na umewakumbuka wa kwao."

Akadondosha matone matatu. Yakateleza juu ya jani, yakaangukia sakafuni.

"Ni ya plastiki yote," Mzee Rai alisema kwa upole, kama anayempa mgonjwa habari mbaya. "Bibi alichoka kumwagilia."

Mwinga akampigia simu Bi Ummi. Upande wa pili vikombe viligongana na Beryl alikuwa akicheka.

"Umefika salama? Alhamdulillahi!" alisema Bi Ummi. "Niko kwa Beryl, namfundisha kumwagilia mwenyewe. Kumbe mikonge hii huzaa, na hukutuambia! Nimeshamwuzia vichipukizi vitano, na nyumba nyingine zinaningoja."

Simu ikakatwa. Mwinga alipogeuka, Mzee Rai alikuwa nyuma yake na ndoo na kitambaa.

"Bibi amesema uanzie ngazini," alisema. "Vumbi la huko limekaa tangu Ramadhani."