Kidole Kilichopiga Kura Mapema

Alhamisi, 4 Agosti 2022

Siku mbaya. Mulinge alikuja kunyolewa. Huyu Mulinge ndiye mwenye banda la kinyozi changu hapa Kathonzweni, na mwaka huu anataka kuwa mwakilishi wadi. Alikaa kwenye kiti, akaniangalia kupitia kioo, akauliza kura yangu iko wapi. Nikasema iko kwake. Yote! Akasema sawa, ila Jumanne, siku ya kura, atapita hapa mchana aone kidole changu kikiwa na wino, maana watu wa hapa ni waongo. Mpangaji asiye na wino atafute banda lingine.

Jioni mama mkwe akatuma neno kupitia kwa Ndunge, mke wangu. Ati mpwa wake Kasyoka anawania kiti hicho hicho. Ati kura za nyumba hii zishahesabiwa. Ati Jumanne yeye mwenyewe atakaa kando ya barabara akitazama vidole. Nikamwambia Ndunge amjibu kwamba kura yangu iko kwa Kasyoka. Yote!

Kuwapa watu wawili kura moja hakunisumbui. Kura ni siri. Shida ni kwamba hapa sina kura. Niliandikishwa Ikutha, ng'ambo ya mto Athi, wakati nilikuwa nanyoa watu kwa soko la mbuzi. Kuhamisha kura kulitaka foleni ya nusu siku, na foleni hunitia kizunguzungu. Nikarudi nyumbani, nikamwambia Ndunge nimehamisha.

Sasa ninaogopa. Nikiangalia mtu, naona vidole tu.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimepata! Ngai ni mwema!

Asubuhi mbuzi wa jirani alipita mbele ya kinyozi. Alikuwa na kidonda mgongoni, kimenyunyiziwa ile dawa ya zambarau. Rangi ya wino wa kura kabisa! Nikakimbia agroveti, duka la dawa za mifugo. Muuzaji akauliza nina mbuzi wangapi. Nikasema wanne. Sina hata kuku.

Nikajifungia nyuma ya banda. Nikanyunyiza kidogo kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kujaribu tu, nione kama inafanana. Inafanana! Nikacheka peke yangu kama mtu amerithi shamba.

Halafu nikaenda kunawa.

Haitoki. Sabuni ya kipande, haitoki. Sabuni ya unga, haitoki. Spiriti ya kupaka watu shingoni, haitoki. Mafuta taa. Mchanga. Jiwe la kusugulia visigino! Ngozi ikatoka, rangi ikabaki.

Wakenya wote wanangoja Jumanne. Mimi peke yangu nishapiga kura.

Nimefunga kidole na kitambaa. Ndunge ameuliza. Nimesema ni wembe.

Jumamosi, 6 Agosti

Redio ya Kikamba iko na tangazo. Mtu akijaribu kupiga kura mara mbili, jela. Wanalirudia kila baada ya wimbo. Nimezima redio. Jirani amefungua yake.

Saa nne, polisi akaingia kwenye kinyozi. Na bunduki! Kumbe alitaka kunyolewa tu. Nikaanza. Akaona kitambaa. Akauliza nimefanya nini kidole. Nikasema nilijikata na wembe wangu mwenyewe. Akashika shingo yake. Akaondoka na nusu ya kichwa haijanyolewa. Polisi mwenye nusu kichwa anatembea Kathonzweni yote sasa, na kila mtu anajua kinyozi ni nani.

Ndunge anataka kufungua kitambaa aone kidonda. Nimemwambia daktari alisema kisifunguliwe mpaka Jumatano. Akauliza daktari gani. Nikasema wa zamu. Zamu gani? Nikaenda kuchota maji, na mapipa yalikuwa yamejaa.

Jumapili, 7 Agosti

Sikutaka kwenda kanisani. Ndunge alisema mtu mgonjwa ndiye wa kwenda.

Mchungaji Muindi alihubiri juu ya kura. Alisema kura ni kama talanta, ukiichimbia shimo utaulizwa. Alisema tusiuze, tusipige kelele, tusimchukie jirani kwa sababu ya mtu wa bango. Mahubiri mazuri. Sikusikia mengi, nilikuwa nimekalia mkono.

Halafu akaniona. Akasema ameambiwa ndugu Muthama ameumia kidole siku chache kabla ya kutimiza wajibu wake, na hiyo si bahati mbaya, hiyo ni vita! Akaniita mbele. Waimbaji wakaanza kuimba. Akashika mkono wangu, akaomba hadi jasho likamtoka. Halafu akasema, kwa imani, kitambaa kifunguliwe kanisa lione muujiza.

Mama mkwe alikuwa amekaa mbele kabisa. Nikaona shingo yake ikirefuka. Kwa mila yetu hawezi kunishika mkono wala kuniangalia usoni, nthoni, heshima ya wakwe, haziruhusu. Lakini kidole si uso!

Nikaanguka. Sikupanga. Magoti yalijikunja yenyewe, na nilipofika chini nikaona ni pazuri, nikabaki. Watu wakapiga vigelegele, wakasema nimeguswa. Wakanibeba nje. Kitambaa kikabaki mahali pake.

Nimepona leo tu. Kesho?

Jumatatu, 8 Agosti

Yamefunguka yote.

Jioni Hamud alikuja nyumbani. Hamud ananunua mbuzi hapa na kule Kitui, ana pikapu, na mke wake Kaltun ana duka la nguo karibu na kinyozi changu. Mtu mpole. Hajawahi kuniudhi. Leo ameniua.

Mama mkwe alikuwa jikoni na Ndunge. Hamud akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema: "Muthama, kesho alfajiri twende Ikutha. Si mimi na wewe tuliandikishwa siku moja pale sokoni? Nafasi iko mbele, hutalipa kitu."

Jikoni nikasikia sufuria ikiondolewa motoni, wasikie vizuri.

Nikasema siwezi, kidole kinauma. Hamud akasema kura hupigwa kwa mkono wa kulia. Nikasema ni mbali. Hapo akaniangalia tofauti. Akasema baba yake alizaliwa Kenya hii, akazeeka hapa, na alikufa bado anaambiwa arudi wiki ijayo kwa habari ya kitambulisho. Hakuwahi kupiga kura hata moja. "Mimi nilipopata changu niliapa. Hata iwe mbali namna gani, nitaenda."

Kutoka jikoni mama mkwe akaongea na ukuta, kwa heshima. Alimwambia ukuta kwamba mwanaume aliyedanganya juu ya kuhamisha kura angalau aende kuipiga mahali alipoiacha.

Ndunge amenipakulia chakula baridi.

Kwa hivyo wino wa bandia sina haja nao tena. Hakuna wa kumwonyesha: mama mkwe ashajua, na kesho Mulinge atakuta banda limefungwa. Lakini kidole bado ni cha zambarau, na kesho nakipeleka mbele ya serikali!

Jumanne, 9 Agosti

Naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Tuliondoka giza. Tukapitia Kibwezi, tukavuka Athi. Nilimwomba Mungu daraja liwe limefungwa. Lilikuwa wazi.

Foleni Ikutha ilizunguka shule mara mbili. Wazee wenye viti vyao, akina mama na watoto mgongoni, wote wamenyamaza kama watu wa kliniki. Mwanamke mmoja aliniazima leso nifunike kichwa, jua lilikuwa kali, akaninong'oneza jina la mgombea wake. Nikasema ndiyo. Mzee wa nyuma yake akanong'ona lake. Ndiyo. Kijana mmoja mwenye kifua kipana hakunong'ona, aliniangalia tu. Nikamwambia ndiyo pia.

Mlangoni karani, msichana anaitwa Kathini, akasema onyesha vidole. Nikaonyesha vya kulia. Akasema vyote. Nikasema kuna kidonda. Akasema pole, fungua.

Nikafungua.

Darasa lote likageuka. Maajenti wa wagombea wakasimama. Mmoja akapiga kelele kwamba huyu ashapiga kura kwingine, ashikwe! Polisi akasogea. Nikataka kuanguka kama Jumapili, lakini mwili ulikataa. Nikafikiria Ndunge akileta uji jela. Nikafikiria kama angeleta.

Hamud alikuwa nyuma yangu. Akainama juu ya kidole, akanusa. Halafu mtu huyu mpole akaanza kucheka hadi akashika dawati. "Hii ni dawa ya mbuzi! Mimi nanyunyizia wangu kila siku ya soko. Muthama, ulikuwa na kidonda cha mbuzi?"

Nikasema ndiyo. Ndiyo! Cha mbuzi kabisa!

Afisa msimamizi akaja, mwanamke mzee kidogo, hacheki. Akaweka kidole changu kingine kwenye mashine ya kutambua wapiga kura. Picha yangu ikatokea, bado nikiwa na nywele. Akawaonyesha maajenti kwamba sijapiga kura popote. Akanipa macho marefu. Akasema kura ni yangu, hakuna wa kuninyima, lakini kazi yake si kucheza na watu wazima. Nikapewa karatasi zangu sita.

Ndani ya kile kibanda cha kadibodi, peke yangu. Nilipaswa kuwa huru. Lakini niliwasikia maajenti wakipumua. Yule wa kelele bado alikuwa ananiangalia. Kama mashine inajua uso wangu, itakosa kujua kalamu yangu? Na kifua kipana kiko nje kinangoja. Na nimeshasema ndiyo mara tatu.

Hapo akili ikanijia. Nikaweka alama kwa kila mtu. Rais, gavana, wote hadi mwakilishi wadi, hakuna niliyemruka. Nani atanikasirikia sasa? Nikakunja, nikatumbukiza kila moja kwenye sanduku lake. Nikapakwa wino wa kweli kidole cha pili.

Njiani Hamud alikuwa na furaha. Aliinua kidole chake kwenye usukani akakitazama. Akasema leo amepiga na kura ya baba yake. Nikasema hata mimi nimepiga vizuri sana.

Alhamisi, 11 Agosti

Hamud alikuja kunyolewa. Ameongea na watu wake wa Ikutha. Wanasema katika kituo chetu kuna mtu aliweka alama kwa kila jina, karatasi zote sita, na zote zikahesabiwa kura zilizoharibika. Akauliza, ni mtu wa aina gani anayechomwa na jua foleni nzima halafu anaitupa kura yake? Nikasema ni mjinga. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Hamud akaniangalia kwenye kioo. Hakucheka. Aliondoka bila kuniaga, na Hamud huaga hata mbuzi.

Lakini upande mwingine, mambo ni mazuri! Hapa Kathonzweni Mulinge ameanguka. Kasyoka pia ameanguka. Ameshinda mtu ambaye hakuna aliyemtaja kwenye kiti changu cha kunyolea. Mulinge anawashuku wapangaji wote kwamba walimdanganya, isipokuwa mimi, kwa sababu ameambiwa mimi nilipiga Ikutha, sikuwa hapa. Amenipa mkono! Yaani kukosa kuhamisha ndiko kulikoniokoa. Niliona mbali.

Shida moja tu. Jumamosi kuna uchaguzi wa mwenyekiti wa kisima. Mulinge anautaka uenyekiti huo, ajipoze. Mama mkwe naye ametuma neno kupitia kwa Ndunge kwamba anautaka. Wote wawili wameuliza kura yangu iko wapi, na nimewajibu.

Si kura ya karatasi. Ni ya kunyoosha mkono, mchana, mbele ya watu wote.

Lakini mtu aliyevunjika mikono yote miwili hawezi kunyoosha hata mmoja. Kesho asubuhi natafuta mtu wa bodaboda atakayekubali kusema aliniangusha.