Fundi Ametoka Chumba cha Pili

Mtaa wa Jamhuri,
Nairobi.

Kwa Mwalimu Mkuu, Bi. Kitonga,

KUH: KUKATAA KUTIA SAHIHI FOMU YA MAONYESHO

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Bw. Mwololo, mwenyekiti wa wakazi wa mtaa huu kwa miaka kumi na mmoja bila kupingwa, na pia babake Syokau wa Kidato cha Tatu. Umeniletea fomu ili yeye na rafikiye Ishita wapeleke biashara yao ya kutengeneza vyombo vya umeme kwenye maonyesho ya wanafunzi hapo Jamhuri Park. Sitii sahihi. Sababu zangu ni hizi:

1. Mwezi jana pasi yetu iliungua. Nikampigia simu Zedekiah, mlinzi wa lango letu, aniitie fundi. Akanijibu ati, "Mzee, si fundi ako hapo kwako?" Kabla sijamkemea, mlango wa chumba cha pili ukafunguka, akatoka binti yangu na bisibisi mkononi. Mwalimu, mimi namsomesha awe wakili. Ndugu zangu kule Mwingi nilishawatangazia, na mjomba wake ana kesi ya shamba inayomsubiri.

2. Hana adabu za kazi yake. Fundi anayejiheshimu husema yuko njiani, amebakisha dakika tano, ilhali ndiyo kwanza anatafuta viatu. Syokau akisema saa nne, saa nne anabisha hodi. Watu wa hapa wameharibika kabisa. Bi. Manjit, jirani yetu mpole, siku hizi humfokea kila anayechelewa.

3. Uharibifu huo sasa umenifikia mimi. Taa ya lango haikuwaka tangu mwaka juzi, nami nimeishughulikia kwa mikutano saba na kamati ndogo mbili. Wasichana hawa waliitengeneza Jumamosi moja, kati ya chai na chakula cha mchana. Wakazi wanauliza mkutano wa nane ni wa nini. Wasichana wote wa Nairobi wakizoea kumaliza walichoanza, sisi wenye kazi ya kuahidi twende wapi? Leo ni mwenyekiti wa mtaa, kesho ni mwakilishi wa wadi, na huko juu sitaki hata kufikiria.

4. Hili ndilo linaloniuma. Miaka yote nimeitwa Mwenyekiti. Juzi dukani nilisalimiwa "Baba Fundi", tena mbele ya watu. Nilinunua maziwa ambayo sikuyahitaji, nikarudi nyumbani.

Kwa hivyo naomba uivunje hiyo klabu ya biashara ya hapo shuleni, ama angalau uwafundishe wasichana hawa kuchelewa.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na karani aliyenipigia simu mara tatu kuhusu fomu.

Wako mwenye masikitiko,
Bw. Mwololo,
Mwenyekiti.

Tanbihi: Kompyuta ilizimika nilipomaliza tu kuandika jina langu. Nilimwita fundi wa mjini. Yuko njiani tangu asubuhi. Syokau aliifungua, akaiwasha, na barua hii ikatokea mbele yake. Aliisoma yote. Alinisahihishia makosa mawili ya tahajia, akarudi chumbani akafunga mlango polepole, nami nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona mkutanoni.

Fomu imo ndani ya bahasha hii. Nimetia sahihi. Palipoandikwa jina la mzazi nimejaza Baba Fundi. Tafadhali karani asilifute.